Kabla ya Kuuliza Saa Ngapi, Uliza Kisiwa Kikoje

Mzazi anapomleta kijana kliniki na kulalamika kwamba mtoto habanduki kwenye kompyuta, swali la kwanza tunalouliza sisi wahudumu wa afya linajulikana: anacheza saa ngapi kwa siku? Jibu huandikwa kwenye faili, ushauri wa kupunguza saa hutolewa, na mazungumzo huishia hapo. Nimelisikia swali hilo wodini, katika kliniki za wagonjwa wa nje, na hata katika vyumba vya mitihani ambamo wanafunzi wetu hupimwa namna ya kuchukua historia ya mgonjwa. Si swali baya. Ila halimtofautishi kijana anayefyatua risasi za bandia usiku kucha ili asisikie mawazo yake, na kijana aliyetumia miezi minane kuchonga kisiwa, akakipanda minazi, akakijengea shule na gati, kisha akawakaribisha wengine waje kuishi humo. Wawili hawa huenda wana saa zilezile. Habari wanazoweza kutupa hazifanani hata kidogo.

Ninachotetea hapa ni jambo dogo. Mgonjwa anayebuni ulimwengu wake mwenyewe ndani ya mchezo wa kuigiza maisha na kuwagawia wengine, hasa mgonjwa wa muda mrefu, anafanya kazi ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuijua, na kuomba ruhusa ya kuitazama. Naandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu, lakini pia kwa ajili ya wagonjwa wenyewe, ambao mara nyingi huificha kazi hiyo wakidhani tutaicheka.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona michezo ya aina hii, maelezo machache yanahitajika. Mchezo uitwao The Sims ulitolewa Marekani mwaka 2000. Mbunifu wake, Will Wright, alipoteza nyumba yake katika moto mkubwa ulioteketeza vilima vya Oakland, California, mwezi Oktoba 1991. Kazi ya kuanza upya, ya kufikiria ni kitu gani hasa mtu anakihitaji nyumbani na kwa nini, ndiyo iliyompa wazo la mchezo huo. Hakuna adui wa kuuawa wala mstari wa kumalizia. Kuna watu wadogo ndani ya skrini ambao hula, hulala, huenda kazini, hugombana, huoa na kufa. Mchezaji huwajengea nyumba na kuwaangalia. Mchezo uliozaliwa kutokana na msiba wa nyumba kuungua haupaswi kumshangaza mtu wa afya unapopendwa na wale ambao maisha yao yamevurugwa na ugonjwa.

Toleo la tatu, The Sims 3, lilitoka mwaka 2009, na mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ilitoa bure programu ya pembeni ya kumwezesha mchezaji kutengeneza mji mzima yeye mwenyewe, kuanzia ardhi. Hapo ndipo visiwa vilipozaliwa. Kazi huanza na bahari tupu na kipande cha ardhi kilicho bapa kama sinia. Mbunifu huinua vilima kwa kipanya, huchimba mabonde na kulainisha fukwe. Au, akipenda, huandaa picha ya rangi ya kijivu ambamo penye weusi ni chini na penye weupe ni juu, na programu huigeuza kuwa milima. Kisha hupaka udongo: mchanga ufukweni, nyasi kondeni, mawe gengeni. Hutandika barabara, hupima viwanja, hupanda miti mmoja mmoja. Huweka sehemu ambazo samaki watapatikana na sehemu ambazo vipepeo wataruka. Atafanya kazi hiyo kwa wiki au miezi kabla mkazi wa kwanza hajakanyaga kisiwani.

Halafu huja hatua ambayo wachezaji wengi huiona kuwa ya kuchosha kuliko zote, na ambayo mimi huiona kuwa ya maana kuliko zote. Mbunifu hana budi kuiambia kompyuta ni wapi watu wanaweza kupita na wapi hawawezi. Hupaka rangi juu ya magenge, mito na miteremko mikali ili wakazi wasijaribu kupita humo. Akisahau, watu watakwama. Watasimama mahali pamoja wakipunga mikono hewani kulalamika, na mchezo wote utakuwa mzito kwa sababu kompyuta inaendelea kuwatafutia njia isiyokuwapo. Kwa maneno mengine, kijana huyu tunayemwona amelala chali akibonyeza vitufe, anafikiria kama mtu wa mipango miji: nani atafika wapi, kwa njia gani, na nani atashindwa. Sisi tuliosomea afya ya jamii tungefurahi kama majengo yetu yote yangepitiwa kwa jicho hilo kabla ya kufunguliwa.

Kuna mambo mengine mawili katika kisiwa hicho ambayo msomaji wa jarida hili atayatazama kwa makini. La kwanza ni hospitali. Katika The Sims 3, hospitali ni jengo lisiloingilika kwa macho. Mkazi huingia mlangoni na kutoweka; mchezaji hubaki nje akiutazama ukuta mpaka mtu wake atoke, pengine akiwa amebeba mtoto mchanga. Watengenezaji walifanya hivyo ili kurahisisha kazi ya kompyuta, wala hawakukusudia kutusema sisi. La pili ni makaburi. Wakazi hufa, na makaburi yao yanahitaji mahali. Kwa hiyo mbunifu mwangalifu hutenga uwanja wa makaburi, na lazima aamue: karibu na bahari au nyuma ya kilima, njiani wanakopita watu kila siku au mahali pa kwendea kwa makusudi? Sijui dodoso lolote tulilonalo linalomuuliza kijana mgonjwa swali kama hilo kwa upole kiasi hicho.

Miaka kadhaa iliyopita, katika wodi ambayo sitaitaja, nilikutana na kijana wa miaka 16 mwenye selimundu. Alikuwa amelazwa kwa maumivu ya mifupa kwa mara ya tatu katika mwaka mmoja. Alikuwa na kompyuta mpakato ya zamani ya mjomba wake, na ndani yake kisiwa. Kwa idhini yake na ya mama yake naeleza kidogo tu. Nilimwomba anioneshe, akanitazama kama anayepima kama ninatania, kisha akaigeuza skrini upande wangu. Kisiwa kilikuwa kirefu na chembamba, chenye minazi mingi, na hakikuwa na mlima hata mmoja.

Hapo akili ya kitaaluma ilinitekenya. Mgonjwa wa selimundu, anayechoka akipanda ngazi, amejijengea nchi isiyo na mwinuko! Nilimuuliza kwa nini kisiwa chake ni bapa. Akajibu, “Sista, mlima ukiwa mkali watu wangu wanakwama. Na hii kompyuta ni ya zamani, haiwezi kuwatafutia njia watu mia.” Basi. Sababu ilikuwa ya kiufundi, na ilikuwa sahihi. Nasimulia hili kwa sababu hatari kubwa ya kuvitazama visiwa vya wagonjwa ni hii ya kukimbilia kufasiri, ya kuona ndoto na alama kila mahali penye mchanga na maji.

Lakini aliendelea bila kuulizwa. Alionesha hospitali yake, aliyoiweka mwisho kabisa wa kisiwa, baada ya soko. “Hii nimeisogeza huku kwa sababu haioneshi ndani. Ukimwingiza mtu, unakaa nje unatazama mlango tu.” Mama yake, aliyekuwa ameketi pembeni akimenya chungwa, aliinua kichwa. Mazungumzo yaliyofuata baina yetu watatu, kuhusu nani huingia katika chumba cha kufanyia taratibu na nani huachwa nje, na ni nini hasa hufanyika mle, hayakuwa na nafasi katika fomu yoyote tuliyokuwa nayo. Yalichukua dakika kumi. Yalifunguliwa na kijana, kwa wakati alioutaka yeye, kwa kutumia jengo ambalo yeye mwenyewe alilipangia kiwanja.

Wapo watakaosema kwamba huu ni upya wa teknolojia unaotutia wazimu. Si upya. Mwaka 1911 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kidogo kiitwacho Floor Games, alimoeleza namna yeye na wanawe walivyocheza sakafuni kwa vipande vya mbao na vinyago. Mmoja wa michezo yao ulikuwa wa visiwa, sakafu ikiwa bahari na mbao zikiwa nchi kavu zenye mahekalu, misitu na wakazi. Daktari Margaret Lowenfeld alikisoma kitabu hicho. Alipofungua kliniki ya watoto jijini London mwaka 1928, alikumbuka visiwa vile, akakusanya vinyago vidogo vya watu, wanyama, nyumba na miti, na baadaye akaongeza masinia ya bati yenye mchanga na maji. Watoto wenyewe ndio walioanza kuviita walivyovijenga “ulimwengu”, na jina hilo likabaki kuwa jina la mbinu yake. Kutoka kwake, Dora Kalff wa Uswisi alikuza tiba ya mchanga inayotumika hadi leo katika nchi nyingi.

Jambo ninalolipenda zaidi kwa Lowenfeld ni uvumilivu wake. Alitaka ulimwengu wa mtoto utazamwe kama kauli ya mtoto mwenyewe, wala usigeuzwe upesi kuwa ushahidi wa nadharia ya mtu mzima. Mtaalamu akae, atazame, aulize, asikilize. Sinia la Lowenfeld na kisiwa cha kijana wetu vinatofautiana kwa mengi, na sisemi kwamba mchezo wa kompyuta ni tiba. Mchezo haukubuniwa na wataalamu wa tiba, hauna msimamizi, na unauzwa dukani. Ninachosema ni kwamba mkono unaoupanga mchanga na mkono unaoshika kipanya hufanya tendo la aina moja, na adabu tunayopaswa kuwa nayo mbele ya tendo hilo ni ileile.

Yapo pia mazingira ya kompyuta yaliyobuniwa na wataalamu kwa ajili ya wagonjwa. Kule Seattle, Marekani, Hunter Hoffman na David Patterson walitengeneza ulimwengu wa theluji na barafu ambao mgonjwa aliyeungua huuona kwa miwani maalumu wakati vidonda vyake vinasafishwa, na wakaonesha kwamba kuzama katika ulimwengu huo hupunguza maumivu anayoyahisi. Ni kazi ya kusifiwa. Hata hivyo mgonjwa humo ni msafiri katika nchi ya mwingine. Katika kisiwa ninachokizungumzia, mgonjwa ndiye mwenyeji.

Neno mwenyeji linanileta kwenye nusu ya pili ya jambo hili, yaani kugawana. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitumia methali hiyo tunapokaribisha wageni mezani, lakini itazameni tena kwa macho ya wodi. Mgonjwa wa muda mrefu hutembelewa sana. Huletewa uji, matunda na pole. Ni mara chache sana yeye huwa mtu wa kukaribisha. Kila kitu kinachomzunguka ni cha watu wengine: kitanda ni cha hospitali, ratiba ni ya wauguzi, hata mwili wake hufunuliwa na kufunikwa kwa amri ya wengine. Mtu wa namna hiyo anapokamilisha kisiwa na kukigawa, mahali pake katika jamii hubadilika kwa saa chache. Sasa yeye ndiye anayejua njia. Yeye ndiye anayeulizwa soko liko wapi.

Kugawa kwenyewe kuna kazi yake. Kisiwa cha The Sims 3 hufungwa katika faili moja ambalo mwingine hulisakinisha kwenye mchezo wake, na lazima liambatane na maelezo: kina viwanja vingapi, kinahitaji viongezeo gani vya mchezo, ni kasoro zipi zinazojulikana. Mbunifu makini huwapa kwanza marafiki wachache wakiishi kwa majaribio, wamweleze ni wapi watu hukwama. Kijana niliyemtaja hakuwa na bando la intaneti la kutosha. Faili lake lilisafiri kwa flashi, kutoka wodini kwenda kwa binamu yake, na kutoka kwa binamu kwenda kwa rafiki wa binamu, na ripoti za kasoro zikarudi kwa ujumbe wa simu. Alikuwa na daftari. Humo aliandika: daraja la kusini, mtu hapiti, kiwanja cha saba, mti umeota ndani ya nyumba. Alizirekebisha moja baada ya nyingine. Kwa mgonjwa ambaye hukosa masomo kila mara anapolazwa, na ambaye mara nyingi huambiwa aache kujitahidi ili asiumie, hilo ni daftari la kazi aliyoianza na kuimaliza.

Mwaka 2020 dunia nzima ilipata somo la jambo hili. Mchezo uitwao Animal Crossing: New Horizons ulitolewa tarehe 20 Machi mwaka huo, wiki ambayo nchi nyingi zilikuwa zikifunga milango kwa sababu ya UVIKO-19. Ndani yake kila mchezaji hupewa kisiwa, hukipa jina, huchora upya mito na magenge yake, na huweza kupokea wageni kwa kuwapa namba fupi ya siri. Watu walifanya humo sherehe za kuzaliwa na hata za harusi zilizokuwa zimeahirishwa. Mwezi Julai mwaka huohuo iliongezwa njia ya kukitembelea kisiwa cha mtu katika ndoto: mgeni huzunguka kote, hutazama kila kitu, lakini lolote afanyalo humo halikibadilishi kisiwa chenyewe. Mwenyeji anaweza kuwa amelala, au amezidiwa, na wageni wakaingia na kutoka bila kumchosha. Ningependa kumjua aliyebuni utaratibu huo, maana ameelewa jambo kuhusu saa za kutembelea wagonjwa ambalo sisi hatujalielewa bado. Kisiwani humo hamna hospitali. Jirani akiugua, unampelekea dawa iliyotengenezwa kwa magugu na kiota cha nyigu, naye hupona papo hapo, tuwasamehe.

Sasa nirudi kwenye saa, maana najua wenzangu wanangoja. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa uraibu wa michezo ya kompyuta katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Tatizo lipo, na nimewaona vijana walioharibiwa nalo. Lakini usomeni ufafanuzi wenyewe: hautaji idadi ya saa. Unataja kushindwa kujizuia, kuuweka mchezo mbele ya shughuli nyingine zote za maisha, na kuendelea nao hata unapoleta madhara, kiasi cha kuvuruga familia, masomo au kazi, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Swali letu la “saa ngapi” halijibu hata kimoja kati ya vigezo hivyo.

Utafiti nao unatuelekeza hukohuko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha mwaka 2021 matokeo ya wachezaji watu wazima 3,274 wa michezo miwili, mmojawapo ukiwa Animal Crossing, wakitumia muda halisi uliorekodiwa na kampuni badala ya muda ambao wachezaji hudai. Walikuta uhusiano mdogo, tena wa upande wa heri, kati ya muda wa kucheza na hali njema ya nafsi. Uhusiano si usababishi, na wao wenyewe walitahadharisha hivyo. Utafiti mwingine wa chuo hichohicho, uliofuatia mwaka 2022 kwa wachezaji 38,935 wa michezo saba, ulikuta kwamba muda wa kucheza hauna athari ya maana kwa hali njema, kwa wema wala kwa ubaya. Kilichokuwa na uzito zaidi ni sababu ya kucheza, kama mtu anacheza kwa kupenda au kwa kujihisi analazimika. Tahadhari ya pili naiongeza mimi: hao ni watu wazima wa nchi tajiri, si watoto wa wodi zetu. Hata hivyo, mtu anayetaka kuendelea kupima saa peke yake sasa ndiye mwenye deni la ushahidi.

Pingamizi ambalo hunisumbua zaidi si la uraibu, ni la fedha. Kompyuta inayoweza kubeba kisiwa ni ghali, na kifaa cha kuchezea Animal Crossing nacho ni ghali. Katika wodi ya vitanda thelathini pengine wawili au watatu wanacho kitu kama hicho. Je, tunataka kuongeza tofauti baina ya mtoto mwenye skrini na mtoto mwenye ukuta? Sina jibu kamili. Najua tu kwamba sinia la mchanga la Lowenfeld linahitaji sinia na mchanga, na kwamba udongo wa mfinyanzi, maboksi ya dawa na vizibo vya chupa vinajenga kisiwa kizuri mezani, madhali mkuu wa wodi yuko tayari kuvumilia uchafu kidogo. Kinachomsaidia mgonjwa si umeme wa skrini. Ni kuwa na mahali anapopapanga yeye, na mtu wa kumkaribisha humo.

Basi, mhudumu mwenzangu, ukimkuta mgonjwa na kisiwa, piga hodi. Muulize: kisiwa chako kikoje? Nani wanaishi humo? Kuna mtu mwingine aliyekitembelea? Acha akuongoze, usiishike skrini. Usiulize kila kitu kina maana gani. Ukiona jambo la kukutia hofu, kwa mfano mkazi mwenye jina la mgonjwa anayezamishwa tena na tena, usilifasiri peke yako wala usilipuuze. Muulize kwa utulivu anajisikiaje siku hizi, kisha zungumza na mtaalamu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii wa kituo chako. Usipige picha ya skrini bila idhini. Kisiwa cha mgonjwa ni sehemu ya siri zake, kama faili lake.

Nanyi mnaojenga, sheria za mwili haziachi kufanya kazi kwa sababu mnachonga fukwe. Mwenye selimundu anayekaa saa nne bila kunywa maji, miguu imeninginia na feni inampuliza, anayaalika maumivu. Weka chupa ya maji mahali unapoweka kipanya, na kila unapohifadhi kazi yako, kunywa. Inuka, nyoosha miguu. Usingizi usiibiwe: wagonjwa wa wodi huamshwa vya kutosha na sisi. Mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga unaomwekamweka amweleze daktari wake kabla ya kuanza. Mkigawa kisiwa kwa watu msiowajua, jina lenu kamili, hospitali mliyolazwa na namba ya simu visiwemo kwenye maelezo yake. Nanyi wazazi, kabla ya kuzima, subirini ahifadhi. Dakika mbili hizo zinaepusha ugomvi wa wiki nzima.

Limebaki jambo moja, na linawahusu hasa wanaowahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Kijana wa Norway aliyeitwa Mats Steen aliishi na ugonjwa wa Duchenne unaodhoofisha misuli, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walihuzunika wakiamini kwamba alikuwa ameishi peke yake, akicheza World of Warcraft, mchezo wa aina nyingine lakini wenye ulimwengu unaokaliwa na watu wengi kwa pamoja. Alikuwa amewaachia neno la siri la ukurasa wake wa intaneti. Baba yake aliandika humo kwamba mwanawe amefariki, na barua zikaanza kuja kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, za watu ambao Mats aliwasikiliza, aliwashauri na kuwapatanisha kwa miaka. Baadhi yao walisafiri kuja kumzika. Filamu ya maisha yake ilitolewa mwaka 2024.

Wazazi hao waliujua upande ule kwa sababu ya neno moja la siri. Katika orodha ya mambo tunayomuuliza mgonjwa wa huduma shufaa, pamoja na dini yake, ndugu wa karibu na mahali anapotaka kuwa siku za mwisho, iongezwe mistari miwili: faili la kisiwa liko wapi na limenakiliwa kwenye flashi ya nani, na siku asipoweza tena kuingia, ni nani angependa waambiwe.